Tembo Alivyovionea Wivu Vidonge vya Pimbi

Nimebeba kitu.
Kitue tukione.
Ni kizito.
Tupo wengi.
Kina mkonga, kina pembe.
Kitue, kitue tukione.

Haya, nakitua.

Hapo kale alikuwepo Tembo, na alikuwepo Pimbi. Tembo mnamjua. Pimbi huenda hamumjui vizuri, maana ni mnyama mdogo wa kukaa kwenye mawe, umbo kama la sungura aliyenyimwa masikio, na mkia hana kabisa. Watu wakitaka kumdharau mtu humwita pimbi. Wanaofanya hivyo hawajasikia hadithi hii. Mimi niliisikia kwa shangazi yangu Hidaya, naye alikuwa haisimulii mpaka awe na ungo wa choroko za kuchambua mapajani.

Wanasema Tembo na Pimbi ni ndugu, mtu na binamu yake. Ukiwaangalia huamini. Ukisikia walivyooneana wivu, unaamini mara moja.

Pimbi alikaa na wanawe kwenye kilima cha mawe. Juu ya kilima kile ilisimama mikuyu tisa, mikubwa, mizizi yake imeyakumbatia mawe kama vidole. Na chini ya mkuyu mkubwa kuliko yote palitoka maji. Hayakuwa maji ya kelele. Yalitoka taratibu, chwii, chwii, chwii, lakini hayakukatika, kiangazi wala masika.

Pimbi aliyatunza. Kila asubuhi alifagia majani yaliyoziba maji. Kila asubuhi alizunguka mizizi, mmoja mmoja, aone kama kuna uliochunika. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe akawakumbusha waliokuja: kunyweni, msioge, okoteni, msichume, pumzikeni, msiegemee. Wanyama walicheka kidogo, maana mwenye kutoa amri alikuwa hafiki hata magoti yao. Lakini walitii, kwa sababu maji yalikuwa mazuri.

Tembo yeye alikaa chini, bondeni. Na bonde lile, zamani, lilikuwa na miti kuliko kilima mara kumi. Tatizo la Tembo lilikuwa moja: alipenda jani la juu kabisa. Akitaka jani la juu hakulifuata. Aliuwekea mti kipaji cha uso, akasukuma. Kraa! Puu. Akala majani matatu, akahamia mti mwingine. Kraa! Puu. Akala majani matatu, akahamia mti mwingine. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na siku moja Tembo akatazama huku na huku asione cha kusukuma. Bonde limekuwa vumbi. Upepo ukija, fuuu, vumbi linamwingia machoni. Kijito kilichopita pale kikageuka mchanga.

Sasa palikuwa na Kanga, ndege mwenye madoadoa, ambaye kazi yake ilikuwa kupita kwa huyu na kusema ya yule. Akapita bondeni. Tembo akamwuliza wanyama wamekwenda wapi, mbona hawaonekani siku hizi. Kanga akamwambia wote wako kilimani. Kwa Pimbi kuna kivuli. Kwa Pimbi kuna maji. Wanyama hawana neno lingine mdomoni ila Pimbi, Pimbi.

Tembo akasema, "Na mimi je?"

Kanga akaenda zake. Lakini kitu kikawa kimeshamkaa Tembo kooni, kama kokwa lililokwama. Akimeza haliendi. Akikohoa halitoki. Huo ndio wivu, kama hamjawahi kuumeza.

Akapanda kilimani. Ndi, ndi, ndi. Pimbi alipomwona alimkaribisha vizuri, akamwita binamu, akamwonyesha mahali pa kunywa, upande wa chini ili asiyavuruge maji, akamwekea makuyu yaliyoiva. Tembo akanywa, akala, akatafuta kosa asilione. Basi wakati bado anatafuna akaja Swala na mwanawe. Swala alimpita Tembo pale alipo, na ukubwa wake wote ule, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, akasema, "Bi Pimbi, ahsante kwa maji." Ndipo akageuka kumwamkia Tembo, kwa kichwa tu.

Kwa kichwa tu. Tembo alirudi bondeni na neno hilo, akalifikiria siku tatu.

Siku ya nne akapanda tena. Ndi, ndi, ndi. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Akamwambia Pimbi kuwa kuanzia leo kilima ni chake. Pimbi akauliza kwa sababu gani.

"Kwa sababu mimi ni mkubwa," Tembo akasema, "na mkubwa hawezi kuwa na kidogo kuliko mdogo."

Pimbi alijitahidi. Akampeleka kwenye mizizi akamwonyesha jinsi inavyoyashika mawe, na mawe yanavyoyashika maji. Akamweleza kwamba maji yale si ya jiwe, ni ya mti; mti ukienda, nayo yanaufuata. Akamwambia kilima kinawatosha wote wawili. Tembo alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza kusikiliza aliinua mguu akauweka mlangoni pa pango walimokuwa watoto wa Pimbi. Hakukanyaga. Aliuweka tu pale, na jiwe la mlangoni likalia.

Pimbi akawatoa wanawe kwa upande mwingine, akashuka.

Huko juu Tembo akajikalia. Akaegemea alipotaka, akaoga alipotaka. Kila aliyekuja kunywa ilibidi kwanza asimame mbele yake amshukuru, tena kwa sauti. Walishukuru. Wangefanyaje? Lakini Tembo alisikia kwamba shukrani ile haikuwa na uzito wa ile ya Swala, na kokwa halikushuka.

Halafu siku moja akatazama juu, akaliona jani. Lilikuwa juu kabisa ya mkuyu mkubwa, jipya, linameta. Akauwekea mti kipaji cha uso.

Mkuyu ule haukuanguka kama miti ya bondeni. Alisukuma asubuhi, akasukuma adhuhuri. Mawe yaligeuka. Mizizi ikakatika mmoja mmoja, tak, tak, tak. Kisha, kraaa. Puu. Kilima chote kikatikisika, na ndege waliokuwa na makinda mle ndani wakaruka wakazunguka juu siku nzima, hawana pa kutua.

Tembo akala majani matatu.

Siku ya pili maji yalitoka chwi, chwi. Siku ya tano yalitoka tone. Tone. Tone. Siku ya kumi palikuwa na tope tu, na wanyama wakawa wanalilamba. Swala alipoona vile alimchukua mwanawe, akaelekea mto mkubwa ulioko mbali, mwendo wa siku mbili kwenye jua lisilo na mti. Alipita bondeni wakiwa wawili. Aliporudi alipita akiwa peke yake. Pimbi aliyekuwa akimtazama hakuthubutu kumwuliza.

Nirudi kwa huyo Pimbi. Alikuwa amejibanza na wanawe kwenye ufa wa ardhi kulekule bondeni, penye joto kama chungu. Kutoka pale alikiona kilima chake. Kila tawi lililotikisika kule juu lilitikisika kifuani mwake. Wala tusimsafishe sana, Pimbi naye aliona wivu. Aliwaambia wanawe, kwa mdomo wake, kwamba afadhali Tembo aimalize mikuyu yote, aibomoe, maji yakauke kabisa, ili na yeye asipate. Alilisema hilo asubuhi, akalirudia mchana, akaona ladha yake tamu. Ni pale alipomwona Swala anapita peke yake ndipo likamchacha mdomoni.

Kulipokucha akaanza kazi.

Alipanda kilima kwa nyuma, upande ambao Tembo hatazami, akaokota makuyu yaliyoanguka. Akala, wanawe wakala, wakala mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Wakashuka bondeni. Sasa, pimbi wana desturi moja ya heshima: hawaendi haja ovyo, huenda mahali pamoja, wote. Basi wakaenda. Siku hiyo, siku iliyofuata, siku iliyofuata. Pimbi akapazungushia miiba mahali pale. Akapafunika kwa majani makavu. Akafagia njia ya kufikia. Akaweka jiwe, akakaa juu yake akilinda, na akaanza kuimba.

Kanga hakukawia. Alifika, akainua shingo, akauliza kuna nini ndani ya miiba. Pimbi akanyamaza haraka, akavuta majani kufunika pale palipokuwa pameshafunikwa, akamwambia hakuna kitu. Kisha akamsihi, kwa sauti ya chini, "Lakini tafadhali, Tembo asijue."

Kanga alifika kilimani amekauka koo. Akaeleza yote: Pimbi anakaa vumbini, na anaimba. Tembo akauliza anaimba kweli? Kanga akasema anaimba, na amenenepa, na amezungusha miiba, na amesema Tembo asijue.

Tembo akakitazama kilima chake. Mikuyu minane, tope, na wanyama wanaoshukuru kwa lazima. Akasema, "Na mimi je?"

Akashuka. Ndi, ndi, ndi.

"Umeficha nini?" akamwuliza Pimbi.

"Uchafu tu, binamu."

"Uchafu hauzungushiwi miiba."

Pimbi akainama. Akashusha pumzi kama mtu aliyekamatwa. Akaanza kusema kidogo kidogo, na kila aliposema kidogo alisita, na kila aliposita Tembo alisogea. Akamwambia ardhi ya bonde hili haijafa. Imelala. Msitu uliokuwa hapa unaweza kuamka, nao ni mkubwa kuliko wa kilimani mara kumi. Lakini ipo sheria ya tangu zamani: msitu unaitwa kwa jina la yule ambaye tumbo lake limeuleta. Anakula tunda, anakuja kuliweka hapa. Yeye ameshaanza. Mvua ikinyesha miti itaota, na watu watapaita Msitu wa Pimbi.

"Nawe una kilima, binamu," akamaliza. "Hiki kidogo niachie."

Tembo akapenyeza mkonga juu ya miiba, akafunua majani. Akaviona. Hapa ndipo shangazi Hidaya aliposhika choroko chache kwenye ungo, akatufungulia kiganja tuone ukubwa wake. Vilikuwa hivyo hivyo, vidonge vya kahawia, rundo dogo linaloweza kujaa kwenye kata. Na yule mnyama mwenye miguu kama nguzo za nyumba aliviangalia vidonge vile, kokwa likampanda kooni, akaviona ni mali.

"Hivi ndivyo vitaleta msitu?"

"Ni vidogo," Pimbi akasema, "lakini najitahidi."

Tembo akageuza shingo akajitazama nyuma. Akafikiri. Uso wake ukaanza kufunguka.

Pimbi aliuona uso ule, akawahi. Akasema kwamba bahati yake, yeye Pimbi, ni kuwa Tembo hataiweza kazi hii. Tunda lazima liwe limeanguka lenyewe. Lazima litoke kwenye mti mzima, maana mti uliovunjwa tawi, au uliochunwa gome, mbegu zake hulala moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye kusukuma miti hawezi. Ni kazi ya wapole.

"Nani kasema siwezi?"



Tembo akatangaza palepale kwamba bonde hili ni lake, lilikuwa lake tangu mwanzo, na Pimbi arudi kwenye kilima chake cha mawe na tope. Hicho kijirundo chake abaki nacho, ili siku moja wote waone tofauti. Pimbi akaomba ruhusa ya kulia. Tembo akampa. Akalia kweli, machozi ya kweli kabisa, kwa sababu wakati ule alikuwa akiufikiria ule mkuyu mkubwa.

Basi Tembo akaanza kazi. Alfajiri anapanda kilimani, anabisha hodi kwa Pimbi. Anapita katikati ya mikuyu amejibana, mbavu ndani, asiguse gome. Anaokota tunda moja moja kwa ncha ya mkonga, kama mgeni mwenye haya kwenye sinia la wenyeji. Akishiba anashuka bondeni. Anachagua mahali. Pu. Anasogea hatua ishirini. Pu. Anasogea hatua ishirini. Pu. Chekeni tu. Na sisi tulicheka, na shangazi alisubiri mpaka tukamaliza, maana alisema hakuna mtu aliyewahi kuifanya kazi ile kwa bidii kama Tembo.

Siku moja Pimbi akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba anafikiria kuongeza ukwaju kwenye bustani yake, kile kijirundo chake cha bondeni. Kesho yake Tembo hakuonekana. Alikuwa amekwenda mwendo wa siku mbili kufuata mikwaju. Siku nyingine Pimbi akataja ming'ongo, miti ya tunda la manjano. Tembo akaenda siku tatu. Alirudi na tumbo limejaa, anatembea kwa uangalifu, asipoteze mzigo njiani. Nyati walipotaka kukatiza bondeni aliwazungusha mbali. Kila rundo lake alilizungushia miiba, tena mirefu kuliko ya Pimbi.

Mvua ikanyesha.

Ilinyesha siku saba, na siku ya kumi na mbili yakatokeza majani mawili mawili juu ya kila rundo. Hapa mkuyu, pale mkwaju, pale mng'ongo, bonde zima. Tembo alisimama katikati akanusa. Na hapo, jamani, palikuwa na hatari kubwa kuliko zote. Majani yale yalikuwa machanga, yana maji, yananukia, na yeye alikuwa mwezi mzima hajala kitu kibichi. Mkonga ukashuka wenyewe. Mdomo ukajaa mate.

Wakati huo huo Pimbi alikuwa kwenye bustani yake, anaipima miche yake kwa kiganja. Akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kumfikia mtu wa mbali, kwamba ya kwao ni mirefu kuliko ya binamu. Akaongeza kwamba haidhuru, binamu ataila yake leo au kesho, na bonde lote litabaki na mikuyu yao tu.

Mkonga ukarudi juu. Tembo akafunga mdomo. Akaenda nusu siku nzima kutafuta nyasi kavu, akazitafuna, krach, krach, macho yake yakiangalia bondeni.

Kiangazi kilipokuja alitaka maji ya miche. Kule kilimani, kwa kuwa hakuna aliyesukuma wala kuegemea, mikuyu minane ilikuwa imeshika mawe upya, na maji yalikuwa yamerudi, kwanza tone, kisha chwi, kisha chwii, chwii. Tembo alipanga foleni nyuma ya ngiri. Zamu yake ilipofika alijaza mkonga upande wa chini, akashuka, akanyunyizia. Pwaa. Akapanda tena. Pimbi alikuwa juu ya jiwe anamtazama, na kila Tembo alipopita alimwambia kwamba maji mengi pia huozesha mizizi, kwa hiyo Tembo akajifunza kukadiria.

Zikapita masika tano. Zikapita kumi. Miti ikamfika Tembo magotini, ikamfika tumboni, ikampita. Vumbi likatulia. Kijito kikaanza kulowa, halafu kutiririka. Wanyama wakashuka mmoja mmoja kuangalia, wakalala kidogo, wakakaa. Na Kanga akawa anapita kila mahali akisema kwa Tembo kuna kivuli, kwa Tembo kuna maji.

Swala naye alikuja, na sasa alikuwa na mtoto mwingine. Akalala chini ya mkwaju. Akasema, "Bwana Tembo, ahsante kwa kivuli." Tembo hakujua aweke wapi mkonga wake. Aliona kivuli cha mkwaju hakijamfunika mtoto vizuri, akasogea akasimama upande wa jua, akabaki pale mpaka mtoto alipoamka. Kokwa likashuka. Alilisikia likishuka.

Lakini wivu haupotei, unahama tu. Kule kilimani Pimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi. Amefagia maji, amekagua mizizi, amejitayarisha kuwakumbusha watu, na hakuna aliyepanda. Kutwa nzima hakuna. Kutoka bondeni akasikia, Tembo, Tembo. Akameza mate, hayakupita.

Akashuka. Akamkuta Tembo kivulini, na wanyama wamemzunguka.

"Binamu, nilikudanganya," Pimbi akasema mbele ya wote. "Hakuna sheria yoyote ya zamani. Mbegu huota hata kwa mti uliovunjwa. Nilitaka utoke kwangu, basi. Msitu huu ni akili yangu."

Tembo akamtazama. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuuma Pimbi zaidi.

"Sheria ipo," Tembo akasema. "Ingekuwa haipo, msitu huu ungetoka wapi?"

Pimbi akaeleza tena, kwa kirefu, tangu mwanzo, miiba, majani, wimbo. Kadiri alivyoeleza ndivyo wanyama walivyoangaliana. Mwisho Tembo akamwambia kwa upole, "Bi Pimbi, una wivu." Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Swala akamshauri anywe maji kidogo apumzike, jua ni kali.

Ukweli mtupu, na hakuna aliyeuamini. Pimbi alipanda kilima anasonya njia nzima.

Alipofika juu hakutaka hata kuliona bonde, akalipa kisogo. Alipolipa kisogo, akawa ameelekea upande wa pili wa kilima, ule wa magharibi, mteremko wa kokoto tupu ambao hakuna aliyewahi kuujali. Akautazama. Akautazama sana. Kesho yake asubuhi aliteremka upande ule na wanawe na wajukuu, matumbo yamejaa makuyu, na miiba mgongoni.

Tembo ana macho madogo, lakini kila siku alikuwa akikitupia jicho kilima. Aliiona ile miiba. Wiki ile ile alivuka mpaka wa bonde lake, akaingia mbuga ya ng'ambo, iliyokuwa na upepo na mifupa tu. Akachagua mahali. Pu.

Pimbi akasikia, akahamia mgongo wa pili wa kilima. Tembo akasikia, akasogea kuelekea mto mkubwa. Hawakutembeleana tena, isipokuwa kupimiana miti. Na kila walipopima, kila mmoja alirudi kwake amenuna na amedhamiria. Walizeeka hivyo. Na siku hizo ungeweza kutoka kilimani asubuhi na mtoto wako mchanga, ukafika mto mkubwa siku ya pili, njia nzima jua lisikuguse.

Tembo alitangulia kufa. Pimbi aliposikia alishuka, safari ndefu kwa miguu mifupi na uzee ule. Hakusema neno la msiba. Aliuendea mng'ongo mmoja kati ya ile ambayo Tembo alikwenda siku tatu kufuata mbegu zake, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaupima kwa kiganja mpaka mkono ulipoishia, akasema, "Mfupi." Halafu akaketi chini ya mti ule, akakaa mpaka jioni, na wajukuu walipomwambia waondoke akawaambia watangulie.

Hadithi imefika mwisho wa njia yake. Aliyesinzia imempita, aliyesikia akaitembeze.

Na funzo lake, alisema shangazi, ni kwamba wivu haujengi. Tukamwuliza mbona hapa umejenga msitu mzima. Akasema funzo ni funzo na hadithi ni hadithi, yeye hakuahidi kwamba vitapatana, na akaendelea na choroko zake. Basi na mimi nawaambia vivyo hivyo. Pendaneni, msioneane wivu, haujengi. Lakini wewe uliyekaa hapo pembeni, nimepita kwenu leo, nikaona jirani yako kapanda miti. Sita. Imestawi kweli. Sina neno lingine, nasema tu ni sita.